Uzi: Mamba wa Ufilipino anakaribia kuisha duniani, na wanaomshikilia asipotee ni wakulima wa kijijini

MtuWaMajanji (mwenye uzi)

Wadau salaam. Humu kila tukigusa habari ya mamba tunaishia kwa Osama, yule mamba mla watu wa Luganga hapa Uganda aliyekamatwa 2005 akapelekwa shamba la mamba la Buwama, au tunaishia kwa watu wa Mayuge na Namayingo waliochukuliwa majini, na siwalaumu kabisa maana mi mwenyewe naishi hukuhuku kando ya Ziwa Victoria, nasomesha bayolojia sekondari Busia na darasani nina watoto waliofiwa hivyo. Ila leo naomba niwaletee mamba mwingine, wa mbali, ambaye karibu anaisha na wengi hata hawajawahi kusikia kama yupo.

Ni mamba wa Ufilipino, jina la kisayansi Crocodylus mindorensis. Ni wa maji baridi, yaani mito, vijito, maziwa madogo na vinamasi, na porini hapatikani nchi nyingine yoyote. Tathmini ya IUCN ya 2016, hawa ndo wanaotunza ile orodha ya viumbe walio hatarini duniani, ilikadiria wakubwa wa kuzaa waliobaki porini ni kati ya 92 na 137. Soma tena hiyo namba. Nchi ina visiwa zaidi ya 7,000 na mamba wakubwa hawafiki hata 150.

Zamani alikuwa kila mahali kule, Luzon, Mindoro, Masbate, Samar, Negros, Mindanao mpaka Jolo. Leo amebaki vipande vipande, kaskazini ya Luzon chini ya milima ya Sierra Madre hasa mkoa wa Isabela, na kusini huko Mindanao kwenye kinamasi kikubwa cha Ligawasan. Kwanza waliwindwa kwa ajili ya ngozi, miaka ya 1950 mpaka 1970 biashara ilikuwa moto. Ngozi ilivyopoa ikaja shida ya pili ambayo hadi leo haijapoa, vinamasi vikageuzwa mashamba ya mpunga, mito ikavuliwa kwa baruti na kwa shoti ya umeme ya betri, na yeyote anayekutana na mamba anampiga panga kwa sababu ni mamba tu, haulizi ni mamba gani. Na mamba aliyenasa kwenye wavu chini ya maji naye anakufa kwa kukosa hewa, watu wanasahau kwamba mamba anapumua kwa mapafu kama sisi.

Nitaendelea, ila ulizeni.

MamaNamayingo

Mwalimu nakuheshimu lakini hii imeniuma. Shemeji yangu alichukuliwa na mamba akitoa nyavu asubuhi, tulipata gumboot moja tu. Ameacha watoto wanne niko nao hapa nyumbani. Sasa unataka tumhurumie mamba? Hata kama ni wa Ufilipino si ni mamba. Waishe tu sisi tupumue.

MtuWaMajanji

Pole sana mama, pole kwa familia nzima na kwa hao watoto. Sitakwambia umhurumie mamba aliyemchukua shemeji yako, hilo siwezi kulisema mbele yako wala mahali pengine.

Nataka tu nikuonyeshe kwamba huyu ninayemleta ni mnyama tofauti. Mamba wetu wa Nile dume lake linapita mita 4, mengine yanafika 5, na lina nguvu ya kuangusha ng'ombe akinywa maji. Huyu wa Ufilipino dume kubwa kabisa ni mita 3 na kidogo, wengi wanabaki chini ya hapo. Chakula chake ni konokono, uduvi, samaki, vyura, panya, ndege wa majini, akipata mbwa au nguruwe mdogo kwenye ukingo anaweza kumbeba pia. Anauma, ndiyo, hasa jike likiwa kwenye kiota au mtu akimkanyaga kwenye tope, lakini hana ile historia ya kuwinda watu kama huyu wetu.

Sasa tatizo ni kwamba Ufilipino kuna mamba wawili. Yuko huyu mdogo na yuko yule wa maji ya chumvi, Crocodylus porosus, ambaye ndiye mtambaazi mkubwa kuliko wote walio hai duniani. Mwaka 2011 kule Bunawan, Mindanao, walimkamata mmoja wakamwita Lolong, mita 6.17, alikuwa anashukiwa kula watu. Habari ikazunguka dunia. Mtu wa kijijini akishaona picha ile, akirudi mtoni kwake akamkuta mamba wa mita moja na nusu amejilaza juu ya jiwe, unadhani atafanya nini? Hasira ya yule mkubwa inamwangukia mdogo. Wewe mama hasira yako ina mwenyewe, unamjua ni nani. Yule mdogo wa kule analipa deni ambalo hakukopa.

BodaMalaba

Nimesoma na simu ya mteja hapa stage hahaha. Mwalimu naomba swali, nilisikia eti mamba jinsia yake inaamuliwa na jua, ni kweli au ni stori za watu? Na huyu mdogo anataga mangapi

MtuWaMajanji

Ni kweli ndugu, na ni sehemu naipenda kuliko zote kufundisha.

Mamba hawana kile kitu cha X na Y tulichonacho sisi. Yai likitagwa halijawa dume wala jike, linasubiri. Joto la ndani ya kiota katikati ya kipindi cha kulalia ndilo linaloamua. Kwa mamba kwa ujumla, likikaa karibu na nyuzi 32 wanatoka madume wengi, likishuka chini ya hapo kidogo wanatoka majike, na likipanda sana majike tena. Tofauti ya nyuzi moja au mbili tu. Hata mahali yai limekaa ndani ya kiota kunabadilisha mambo, maana juu na chini joto halilingani. Kwa hiyo ukikata miti ya ukingoni, kivuli kikaondoka, hujakata kuni peke yake, umegusa pia hesabu ya majike na madume wa kizazi kinachokuja. Na ukiwa na wazazi mia moja nchi nzima hiyo hesabu inauma haraka.

Huyu wa Ufilipino anataga mayai machache, kuanzia 7 mpaka kama 30 hivi, wakati wetu wa Nile anaweza kutaga 50 na zaidi. Kiota chake mara nyingi ni rundo, jike linakusanya majani, nyasi na udongo, linapandisha, linataga ndani na kufunika, na yale majani yakioza yanatoa joto. Kule Isabela wameona pia majike yanayochimba shimo tu kwenye ukingo wa mchanga na kutaga humo, kama anavyofanya wetu. Mayai yanakaa miezi miwili na kitu mpaka karibu mitatu na mama hayuko mbali muda wote.

Halafu siku ya kuanguliwa, hapa naomba msome polepole. Watoto wanaanza kulia wakiwa bado ndani ya yai. Wanatoa kasauti kafupi, mmoja akianza wengine wanajibu, na mama akisikia anakuja kufukua kiota kwa miguu ya mbele. Wale waliotoka anawabeba mdomoni, mdomo uleule unaovunja konokono na ganda lake, anawapeleka majini mmoja mmoja au wachache wachache na hakuna anayeumia. Mtoto mwenyewe hafiki hata rula ya shule ya sentimita 30. Ana rangi ya kahawia ya dhahabu na mistari myeusi mgongoni na mkiani. Wiki za kwanza anakula wadudu na uduvi wadogo, na yeye analiwa na kila mtu, korongo, nyoka, kenge, samaki wakubwa. Wengi sana hawamalizi mwaka.

Wasswa_77

Sasa mwalimu si wawafuge tu? Pale Buwama watu walifuga mamba miaka mingi na wanazaana vizuri. Chukua majike kumi, zalisha mia, achia mtoni, kazi imeisha.

MtuWaMajanji

Wasswa hilo wamelijaribu kitambo ssebo. Chuo cha Silliman kule kisiwa cha Negros walianza kuwazalisha miaka ya mwanzo ya 1980, halafu 1987 serikali na msaada wa Japani wakafungua kituo kikubwa Palawan. Kuzaana walizaana, tena vizuri. Shida haikuwa mayai.

Shida ya kwanza ni damu. Kituoni aina zote mbili za mamba zilifugwa na baadaye vipimo vya DNA vikaonyesha wengine waliokuwa wanahesabiwa ni wa Ufilipino safi kumbe wamechanganyika na yule mkubwa wa maji ya chumvi. Kwa macho huwezi kuona. Sasa ukimwachia chotara mtoni akazaana na wale mia waliobaki, umemaliza aina nzima kwa mikono yako ukidhani unaiokoa. Kwa hiyo mamba wa kuachiwa inabidi apimwe kwanza, na hiyo ni pesa na maabara na muda.

Shida ya pili ni mahali pa kumwachia. Mamba anaweza kuwa mzima kabisa lakini ukimweka kwenye mto unaovuliwa kwa umeme umempeleka kufa. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanadhani uhifadhi ni kuzidisha wanyama, kumbe kwanza ni kuondoa kile kilichowaua. Walipoachia 36 kwenye kinamasi cha Paghungawan, kisiwa cha Siargao, mwaka 2013, walichagua pale kwa sababu kinamasi kiko ndani ya eneo la hifadhi na wanakijiji walikubali kwanza. Baadaye wanakijiji wakaanza kupeleka wageni na mitumbwi, na 2017 wakaongezewa mamba wengine 29.

Ocen_Pakwach

Mimi niko upande wa Nile huku, mamba wetu ni biashara, mzungu anatoka Ulaya kuja kupanda boti Paraa aone mamba amefungua mdomo chini ya maporomoko. Kwa hiyo nakuelewa mwalimu. Ila umesema kwenye kichwa cha uzi eti wakulima ndo wanamshikilia huyu mnyama, mkulima gani huyo wa kutunza mamba? Mimi namjua mkulima, ukimgusa shamba ni vita.

MtuWaMajanji

Hapo ndo kiini chenyewe Ocen, nilikuwa nangoja mtu aulize.

Miaka ya 1990 watu wengi waliamini kaskazini mwa Luzon mamba hawa hawapo tena. Mwaka 1999 mvuvi mmoja wa San Mariano, ni manispaa ya mashambani mkoa wa Isabela, mahindi na mpunga na umaskini wa kawaida tunaoujua, alivuta wavu wake akakuta kitoto cha mamba. Angeweza kukitupa au kukikaanga. Akakipeleka kwa watu wa mradi wa hifadhi waliokuwa eneo lile, na kitoto maana yake kuna mama na baba mahali fulani juu ya mto. Wakaanza kutafuta usiku kwa tochi, maana jicho la mamba likipigwa mwanga linang'aa jekundu, wakawapata wachache.

Kilichofuata ndicho kinanifanya niandike uzi huu. Manispaa haikungoja mji mkuu. Walipitisha sheria yao ndogo ya kukataza kuua mamba, na 2001 wakautangaza mto Disulap kuwa eneo la hifadhi ya mamba, sehemu ya ukingo iachwe bila kulimwa. Mwaka huohuo nchi ikapitisha sheria ya wanyamapori, namba 9147, ambapo kuua mnyama aliye hatarini kabisa kutoweka kama huyu ni jela miaka 6 mpaka 12, au faini kuanzia peso 100,000 hadi milioni moja, au vyote viwili. Sheria ya kitaifa ni nzito kweli, ila polisi hayuko kwenye kijito cha Sierra Madre saa tano usiku. Aliyepo ni jirani.

Kwa hiyo wakaweka walinzi kutoka vijiji vyenyewe, wanaitwa bantay sanktuwaryo, ni wakulima haohao na wavuvi haohao. Taasisi ya Mabuwaya ilianzishwa 2003 na Wafilipino pamoja na Waholanzi, wakiwemo Merlijn van Weerd na Jan van der Ploeg waliofanya utafiti pale miaka mingi, na kazi yao kubwa ukiniuliza mimi haikuwa mamba, ilikuwa watu. Mikutano ya kijiji. Mabango yenye picha ya mamba yaliyobandikwa mpaka kwenye maduka. Maigizo shuleni. Wakampa kila mtu nafasi ya kusema anaogopa nini. Na ujumbe wao mkubwa ulikuwa kwamba huyu mnyama ni wa kujivunia, ni wetu, hayuko kwingine duniani.

Mkulima naye akapewa sababu ya shambani. Kule kuna konokono wa kigeni, yule wa rangi ya dhahabu aliyeletwa kutoka Amerika ya Kusini miaka ya 1980 ili afugwe aliwe, akatoroka, akawa balaa la mpunga, anakata miche michanga usiku kucha. Na mamba huyu konokono ni chakula chake, na panya pia. Siwadanganyi kwamba mamba mia wanaokoa mpunga wa nchi nzima, hapana, lakini kwa mtu mwenye shamba kando ya mto ni habari anayoielewa zaidi ya kumwambia bayoanuwai.

Halafu ile hasara ya watoto kuliwa wakiwa wadogo wakaitafutia dawa. Wanafuatilia kiota mpaka kinaanguliwa, wanachukua sehemu ya watoto, wanawalea kwenye kituo pale San Mariano mwaka na zaidi mpaka wawe wakubwa kiasi cha korongo kushindwa kuwameza, ndo wanawarudisha mtoni au kwenye maziwa madogo ya karibu. Hao ni watoto wa mto uleule, hakuna wasiwasi wa chotara.

Ocen_Pakwach

Hii ya kuanza na sheria ndogo ya kwao imenigusa. Na wale wenyeji wa zamani, kabla ya mradi, walikuwa wanaishi naye vipi? Maana lazima kuna sababu alibaki pale kwingine akaisha.

MtuWaMajanji

Swali zuri sana. Kwenye ile milima wako Waagta na Wakalinga, wenyeji wa muda mrefu, na kwao mamba anahusiana na mizimu ya wahenga, hauawi hovyo. Wana taratibu za mto, wapi uoge, wapi usitupe matumbo ya samaki, usimchokoze mama mwenye kiota. Huwezi kuelewa kwa nini alibaki Isabela bila kuwataja hao. Wahamiaji waliokuja baadaye kutafuta ardhi na magogo hawakuwa na taratibu hizo, ndo bunduki na betri zikaingia.

Ila pia nisiwapambie mambo. Miaka zaidi ya 20 ya kazi na bado idadi inaongezeka kwa kusuasua. Kimbunga kikipita Luzon mto unafurika siku mbili na kuzoa kiota, watoto na ukingo wenyewe. Shoti ya umeme bado inatumika kwa kificho. Na Ligawasan, ambako huenda ndiko wapo wengi, ni eneo lililokaa na vita kwa miongo mingi, watafiti wameingia kwa shida.

Wasswa_77

Nimekuelewa. Lakini mwalimu na sisi huku mashariki vinamasi tumevigeuza mpunga vilevile, Doho, Kibimba, kila bonde. Mamba wa Nile si bado wengi? Kwa nini tuwaze?

MtuWaMajanji

Ni kweli mamba wa Nile hayuko hatarini, IUCN imemweka kundi lisilo na wasiwasi mkubwa, na siji hapa kupiga kengele ya uongo. Kinachonisumbua mimi ni samaki na kinamasi. Ngege, yule samaki wengine wanamwita sato, anazalia kwenye matete, ukiyafyeka ukapanda mpunga mpaka kwenye maji samaki anapungua, mvuvi anasogea mbali zaidi kwa mtumbwi mdogo, na mamba naye chakula kimepungua anasogea kwenye mwalo ambako watu wanaosha vyombo na kuparua samaki. Mnakutana wote mna njaa.

Kuna mialo ambako wamejenga vizimba vya nguzo na waya ndani ya maji, mtu anaingia kuchota akiwa amezungukwa. Nimeviangalia kwa karibu, ni kitu rahisi tu, nguzo nene, waya mgumu na kimlango upande wa nchi kavu, ila waya unakula kutu na mti unaoza, lazima mtu wa kijiji awe na jukumu la kuvikagua. Pale ambapo hakuna aliyepewa hilo jukumu kizimba kinatoboka na mama anachota akidhani yuko salama, hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa nacho. Namwomba kila aliye mwaloni humu akienda kesho atikise nguzo aone.

MamaNamayingo

Mwalimu nimesoma zote mpaka hapa. Bado nina uchungu lakini nimekuelewa kuhusu yule mdogo. Kwetu kizimba hakipo. Na hiyo fidia watu wanaongea iko kweli au ni maneno ya kampeni?

MtuWaMajanji

Asante mama kwa kusoma. Fidia iko kwenye sheria, Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 imeweka mfuko wa fidia kwa mtu aliyeumizwa au kuuawa na wanyama walioorodheshwa nje ya hifadhi, na mamba yumo kwenye orodha pamoja na tembo, simba, kiboko na wengine. Kama msiba ulitokea baada ya sheria hiyo, anzia kwa chairman wa LC1, yaani baraza la kijiji, akuandikie barua inayosema tarehe, mahali na walioshuhudia, weka na ripoti ya polisi, halafu uliza ofisi ya UWA, mamlaka ya wanyamapori, iliyo karibu kuhusu kamati ya jamii ya wanyamapori inayopokea madai. Hilo gumboot kama bado lipo lihifadhini, na majina ya waliokuwa kwenye mtumbwi yaandikwe sasa hivi kabla watu hawajahama mwalo. Ukikwama kwenye kuandika niandikie inbox, nitakusaidia, na habari ya kizimba tuandike barua ya pili hapohapo, ziende pamoja.